Common Voice ya Kiswahili: Mkurya akisoma "kula", unampa ndiyo au hapana?

Ukitaka kuona Waswahili wanavyotaniana kwa matamshi, kaa saa moja upande wa kusikiliza wa Common Voice. Hii ni tovuti ya Mozilla, iliyoanza mwaka 2017, inayokusanya sauti za watu wakisoma sentensi ili programu za kutambua usemi zijifunze hata zile lugha zinazokumbukwa mwisho. Kiswahili kimo. Mmoja anasoma, wengine wanasikiliza na kuamua kama kilichosomwa ndicho kilichoandikwa. Kwa hiyo Mkikuyu anapimwa na Mpemba, Mkurya anapimwa na mtu wa Mombasa, na utani wa kijiweni unageuka kuwa kura. Tunaipa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano imepotelea kwenye sentensi zenyewe.

Kurekodi hakuna ugumu. Unachagua Kiswahili, unaingia sehemu ya kuzungumza, unaruhusu maikrofoni. Sentensi huja tano tano. Unabonyeza, unasoma, unabonyeza tena. Ukiteleza unarudia hiyo moja kabla ya kutuma zote, na inayokushinda unairuka. Unaweza kuchangia bila akaunti, ila tunashauri ufungue, kwa sababu ndani ya wasifu ndimo unamotaja lafudhi yako. Bila hivyo, anayetafuta sauti za Lamu hatajua kwamba yako ni mojawapo.

Kosa linaloharibu rekodi nyingi ni kubonyeza na kusoma papo hapo. Lugha nyingine zikikatwa mwanzo hupoteza sauti tu, sisi tunapoteza maana, maana ukanushi wetu umekaa mlangoni. "Hakuna maji" ikikatwa silabi ya kwanza inakuwa "kuna maji". "Hayupo" inakuwa "yupo". Bonyeza, vuta pumzi, ndipo usome, na ukimaliza usikimbilie kitufe. Feni na redio ya jirani zinavumilika zikiwa mbali. Sauti ya mtu mwingine anayesikika maneno haivumiliki.

Sasa tuje kwenye kusikiliza, ambako ndiko kwenye raha na ugomvi. Klipu, yaani vipande vya sauti vilivyorekodiwa, nazo huja tano tano, na kila moja huhitaji wasikilizaji wawili wakubaliane. Mwongozo wa mradi unataka mambo mawili ambayo mara nyingine huvutana: usimkatae mtu kwa lafudhi yake, lakini kataa ikiwa maneno hayakusomwa kama yalivyoandikwa. Kwa Kiswahili mpaka kati ya hayo mawili ni mwembamba kuliko wanavyodhani wengi.

Chukua l na r. Kikurya hakina l, Kikuyu nacho hakina, kwa hiyo "kula" ikitoka huko inaweza kufika sikioni ikiwa "kura", kalamu ikawa karamu, na mahali pakawa mahari. Msikilizaji wa haraka anacheka, anabonyeza hapana, anaendelea. Amekosea. Kabla ya kukataa, sikiliza upatanisho. Aliyesoma "mahari pazuri" hajabadilisha neno: angekuwa anazungumzia mahari ya harusi, "pazuri" isingefuata. Ndivyo ilivyo pia kwa th na s. "Samani ya nyumba" ni mtu anayesema thamani kwa ulimi wa bara. Samani zenyewe, viti na makabati, zingekuja na "za". Sarufi yetu ya ngeli, ambayo wanafunzi huilalamikia kila muhula, hapa inafanya kazi ya ushahidi.

Upatanisho usiposaidia, angalia l nyingine ndani ya sentensi hiyohiyo. Zote zimekuwa r? Hiyo ni lafudhi, mpe ndiyo yake. Zote ni safi isipokuwa moja? Ameteleza, kataa. Na kama sentensi ni fupi, neno ni moja, na huna pa kushikia, bonyeza kuruka. Kuruka kunamwachia klipu mwenye sikio lililozoea lafudhi hiyo.

Kwa mizani hiyohiyo wapite wale wa "zambi" na "selasini", ambao ni wengi Tanzania bara. Apite Mjaluo ambaye shaba yake imekuwa saba na shindano likawa sindano. Apite Mluhya mwenye "papa" kwa baba, na Mkikuyu anayetanguliza m kwenye b, barua ikawa mbarua. Mzanzibari anayeitoa "ghali" kooni kabisa atapita bila mtu kumuuliza, naye ajue kwamba kupita kwake hakumpi ruhusa ya kuwafungia mlango wengine. Wasikilizaji wa aina moja wakikataa kila kisichofanana nao, programu itakayofunzwa kwa sauti hizo itawaelewa watu wa aina moja tu.

Wanaokataliwa kwa haki ni wengine, na mara nyingi ni wale wanaojiona wamesoma vizuri. Imeandikwa "Yuko wapi?", msomaji wa Nairobi anasema "Ako wapi?" bila kujijua. Imeandikwa "nina kitabu", anasoma "niko na kitabu". Mzanzibari anakutana na "shule", ulimi unasema "skuli". Hapa lafudhi haihusiki: neno limebadilishwa, hapana. Kundi linalotuumiza roho ni la "nitakuja" inayosomwa "n'takuja". Pwani ni usemi wa kila siku, lakini maandishi yana silabi nne, na mwongozo unakataza ufupisho usioandikwa. Tunakataa, kwa masikitiko.

Kuna tofauti nyingine ambazo mfumo hauzioni kabisa. Mtu wa Mombasa akisoma "kaa" la moto na "kaa" wa baharini, kwake k ya pili ina pumzi na ya kwanza haina. Vivyo hivyo chungu cha kupikia na chungu wanaotambaa. Tahajia sanifu haiandiki pumzi hiyo, msikilizaji wa Dodoma haisikii, na klipu inapita bila kelele. Shida iko kwa "barabara". Mkazo ukiwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho ni njia ya magari, ukirudi nyuma silabi moja ni sawasawa, kwa ukamilifu. Msomaji asiyeipitia sentensi kwanza huibahatisha. Soma kimya mara moja kabla ya kubonyeza, hasa sentensi zilizotoka Wikipedia, maana huko utakutana pia na majina ya miji ya Ulaya ambayo hata Ulaya wenyewe hawakubaliani yatamkweje.

Na hapo ndipo ilipopotelea nyota ya tano. Sentensi karibu zote ni za Kiswahili sanifu, kile kilichoegemezwa kwenye Kiunguja, lahaja ya mji wa Zanzibar, kwenye mkutano wa 1928, mkutano uliofanyika Mombasa (Wamvita, wenyeji wa Mombasa ambao lahaja yao ilishindania nafasi hiyo, hawajasahau kwamba walishindwa wakiwa nyumbani). Matokeo yake tovuti inanasa lafudhi, lahaja mara nyingi inaiacha nje. Mtu wa Mvita atasoma "njoo", lakini "ndoo" yake ya kumwita mtu haitaingia, na siku programu itakapoisikia itaandika chombo cha kuchotea maji. "Ndia" kwa njia, "mato" kwa macho, "naendanga" ya Kenya bara: ni nadra kusomwa kwa sababu ni nadra kuandikwa. Dawa ipo, ila ni ya polepole: tovuti inapokea sentensi mpya kutoka kwa yeyote, mradi ni zake mwenyewe au hazina hakimiliki, ni fupi, na hazina tarakimu wala vifupisho. Mia tatu iandikwe "mia tatu". Sentensi nazo hupitiwa na watu wengine kabla ya kupewa wasomaji, na mapitio hayo yanahitaji wanaoijua lahaja, vinginevyo "ndoo hapa" itafutwa kama kosa la tahajia.

La mwisho ni kuhusu sauti yako. Hutolewa kwa leseni ya CC0, yaani yeyote duniani aweza kuitumia, hata kibiashara, bila kukuomba wala kukulipa. Wanaopakua hukubali kutotafuta utambulisho wa wasemaji, na jina lako haliambatanishwi na klipu. Hata hivyo, ukiomba ifutwe baadaye, nakala zilizokwisha pakuliwa hazirudi. Asiyeridhika na hilo abaki kusikiliza: wasikilizaji wa pwani na wa bara wanahitajika kwa wingi uleule. Tumia hedifoni, kwani spika ya simu huzifanya s na th zifanane, na utamkataa mtu kwa kosa la spika.