Mswaki au kijiti cha sponji?

Mhudumu anayesafisha kinywa cha mkazi wa makao ya wazee hukuta vitu viwili mezani: mswaki mdogo wenye nywele laini na kijiti chenye sponji nchani. Wengi hukimbilia kijiti, hasa mzee akiwa mkali au amechoka. Ni chepesi, hakiumizi, na kazi inaisha upesi.

Shida ni kwamba sponji hulowanisha tu. Ukoga ulioganda shingoni mwa jino, pale fizi inapoanzia, hautoki bila nywele za mswaki. Ukoga huo ni makazi ya bakteria, na mzee anayemeza kwa shida anaweza kuwavuta hadi mapafuni wakamletea nimonia. Tena sponji huweza kuchomoka, hasa mkazi akiing'ata au ikiachwa majini muda mrefu, ikamkaba. Usiiloweke kamwe.

Mswaki unadai subira. Mkalishe wima, kidevu kikiinama kidogo, simama ubavuni pake, na tumia dawa ya meno yenye floraidi kiasi cha punje ya njegere. Anayepaliwa apewe isiyotoa povu. Akiweza kushika mswaki mwenyewe, weka mkono wako juu ya wake. Mara nyingi ukali huisha hapo.

Kijiti kibaki cha kulowanisha midomo mikavu ya mgonjwa mahututi, ingawa hata hapo mswaki laini wa mtoto uliochovywa majini naupenda zaidi. Meno bandia ni habari nyingine: yavuliwe, yasuguliwe nje ya kinywa.