Kipima mizimu cha taa tano: nimekitembeza Ujiji

Nianze na bei, maana ndiyo mnayouliza wengi: shilingi 95,000 kutoka Kariakoo, na nauli ya mzigo mpaka Kigoma ni juu yako. Unapata kiboksi cheusi cha plastiki kinachoenea kiganjani, taa tano kuanzia kijani mpaka nyekundu, na kitufe kimoja. Kwenye kasha wameandika ni cha kutafutia mizimu. Mimi ni fundi umeme, nipo Mwanga, mtaa wa hapa Kigoma mjini, na nimekinunua kwa sababu vijana wanaorekodi video za mizuka walianza kunibeba kwenye nyumba za kale za Ujiji. Wanaamini anayeshinda na waya hana cha kuogopa kwa jini.

Mtu wa Kigoma ukimwonyesha kitu hiki, swali la kwanza ni kama kinapima radi. Hakipimi. Wala hakimjui aliyeituma, maana huku wapo wanaoamini radi hutumwa na mtu.

Kinachopima ni sumaku ya umeme unaotembea kwenye waya, huu wa majumbani unaopiga mizunguko 50 kwa sekunde. Taa ya kwanza ni chini ya miligausi 1.5 (miligausi ni kipimo cha nguvu ya sumaku), ya mwisho ni kuanzia 20. Dunia yenyewe ina sumaku ya mamia ya miligausi, ile inayogeuza sindano ya dira, lakini kifaa hakiioni kwa kuwa imetulia, haipigi mizunguko. Ndiyo maana kwenye miembe ya makumbusho ya Livingstone, ambako wenzangu walitarajia roho za watumwa waliopitishwa njia ya Bagamoyo zijae kama abiria stendi, kiligoma kwenye kijani. Simu ya mmoja wao ikaita, kikaruka hadi nyekundu. Video yake wameirusha, simu wameikata.

Halafu kitufe. Lazima ukishikilie muda wote, na gumba likilegea kidogo tu taa zinacheza. Ukisema "kama upo, washa taa" huku mkono umechoka, utajibiwa. Changu nimekibana na kadibodi na selotepu, na tangu hapo mizimu imepungua mno. Tena hao vijana wanauliza maswali kwa Kiingereza, walivyoona kwenye video za Wamarekani. Mzee mmoja aliyekuwa barazani akawaambia, "Wajukuu zangu, marehemu wa Ujiji mnamsalimia Kizungu, na hata ubani hamjachoma?" Hawakuwa na jibu, mimi nikaangalia pembeni nisicheke.

Sasa nyumba iliyonifanya niandike haya. Ya udongo na chokaa, kuta nene, umeme umeingizwa juujuu na mafundi tofauti kwa miaka tofauti. Chumba cha nyuma hakilaliki. Mama mwenye nyumba alinieleza mambo mawili: kuna kitu kinanguruma ukutani usiku, kinakuja na kuondoka, na kuna kitu kinamshika mkono akifunga dirisha. Yasini ilishasomwa. Kisima cha uani kilishatajwa.

Kifaa nilikiweka kichwani mwa kitanda. Kimya. Baada ya muda taa zikapanda tatu, nne, zikakaa, kisha zikashuka zote. Vijana wakaanza kunong'ona. Nikazunguka upande wa pili wa ukuta: friji la kuuzia barafu na juisi, mgongo wake umegusana na ukuta, na kitanda cha chuma kimeegemezwa upande wa huku. Mota ikiwaka taa zinapanda, kitanda kinatetemeka. Ikizima, vyote vinanyamaza. Kwa hilo kifaa nakipa sifa yake.

Nikahamia dirishani. Kijani. Nikakigusisha kwenye nondo za grili, kijani. Nikatoa tesita yangu ya shilingi elfu mbili, ile bisibisi yenye kitaa cha kuonyesha umeme, ikawaka hapohapo. Waya wa taa ya nje ulikuwa umebanwa na fremu, ganda limechubuka, grili nzima ina moto, yaani umeme. Mama anatoka kuoga usiku, miguu mibichi, hana ndala, anafunga dirisha: anashikwa. Mchana amevaa ndala, hashikwi. Na kifaa hakikusema kitu kwa sababu umeme ulikuwa umesimama kwenye chuma bila njia ya kutembea, na usipotembea hautoi sumaku. Friji lisilomdhuru mtu lilipigiwa taa nne. Nondo ambazo zingeua zikapewa kijani. Anayetembea nacho akiamini kijani ni salama, atakuja kushika kitu siku moja.

Nilizima main swichi, nikabadilisha waya, nikasogeza friji. Mama akaniuliza kama dua aache. Nikamwambia dua aendelee nayo, mimi nimeondoa moto tu. Vijana hawakuirusha hiyo sehemu. Walisema haina msisimko.

Nyota mbili kati ya tano. Kwa fundi mwenzangu, kinasaidia kufuata waya uliofichwa ukutani wakati unapitisha umeme, hasa pale nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, imepitishwa kivyake mbali na waya wa moto. Hapo taa zinapanda hata ukiwa hatua kadhaa. Kwa anayetaka mizimu, ubani ni bei nafuu zaidi. Betri haiji nayo: ni ile ya mraba ya volti 9, na ukinunua za bei chee zinaisha kabla hamjafika Ujiji.