Uzoefu wangu na unga wa cheleti ya chuma (EDDHA) kwenye dripu: misimu miwili, na vitundu bado vinatoa maji

Unga huu wa cheleti ya chuma, yaani mbolea ya chuma kilichofungwa ndani ya molekuli ili kisigande, nimeutumia kwa misimu miwili mfululizo katika banda la nyanya lenye laini 24 za dripu, kila laini ikiwa na urefu wa mita 30 na vitundu 100 vya kutoa lita 1.6 kwa saa. Naandika tathmini hii kwa sababu kila ninapomtajia mkulima mwenzangu kwamba napitisha madini ya chuma kwenye dripu, jambo la kwanza analouliza ni kama vitundu havitaziba. Hofu hiyo naielewa vizuri, kwa kuwa kabla ya kuufahamu unga huu niliwahi kuziba laini nne kwa mikono yangu mwenyewe.

Maji yangu ni ya kisima, yana chokaa nyingi, na pH yake (kipimo cha uchachu, ambapo 7 ni katikati na zaidi ya hapo si chachu) huwa kati ya 7.8 na 8.0. Udongo nao ni wa chokaa. Katika hali hiyo chuma kinaweza kuwa tele ardhini na mmea usikipate, kwa sababu kimeshikwa katika maumbo yasiyoyeyuka. Dalili zilijitokeza kwenye majani machanga ya kileleni: jani lilikuwa la njano, huku vishipa vyake vikibaki vya kijani kama wavu uliochorwa kwa kalamu, ilhali majani ya chini yalikuwa mazima kabisa. Tofauti hiyo ya juu na chini ndiyo iliyonihakikishia kwamba sikuwa nashughulika na upungufu wa magnesiamu, ambao huanzia majani makuukuu. Chuma hakihami kutoka jani la zamani kwenda jani jipya, hivyo njaa yake huonekana kileleni kwanza.

Nilianza na salfeti ya chuma, kwa kuwa ni rahisi kupatikana na ina chuma kwa takriban asilimia 20. Niliiyeyusha jioni kwenye pipa la maji yale yale ya kisima, nikikusudia kuipitisha asubuhi. Jioni maji yalikuwa ya kijani hafifu. Asubuhi yalikuwa ya rangi ya machungwa, na chini ya pipa lilikuwa limetuama tope laini la kutu. Nilipaswa kulimwaga. Badala yake nilichuja kwa kitambaa nikafungulia koki, nikiamini kwamba chujio la maikroni 130 lingemaliza kazi iliyobaki. Chembe za kutu zikiwa bado changa ni ndogo mno kwa chujio la namna hiyo. Hupita bila shida, kisha hushikana na kutulia ndani ya kile kijia cha kupindapinda kilichomo kwenye kitundu, mahali ambapo maji hupunguza kasi. Kitundu cha lita 1.6 kwa saa kinapaswa kutoa mililita 400 kwa dakika 15. Nilipoweka vikombe chini ya laini zile nne, vitundu vingi vilitoa kati ya mililita 150 na 250, na vichache havikutoa hata tone. Nilikipasua kimoja kwa wembe nikakuta kijia chote kimejaa uji mzito wa kahawia uliopaka kidole. Laini tatu zilifufuka baada ya kusafishwa kwa asidi. Ya nne niliitupa.

Hapo ndipo nilipogeukia cheleti. Neno hilo asili yake ni Kigiriki, lenye maana ya gando la kaa, na picha hiyo inafaa sana: chembe ya chuma inakuwa imebanwa katikati ya molekuli kubwa isiyoiruhusu kukutana na vitu ambavyo vingeigeuza kuwa mashapo. Tatizo ni kwamba magando hayalingani nguvu. Aina zake huitwa kwa herufi za ufupisho: cheleti ya EDTA huanza kulegea pH inapopita takriban 6.5, na kwenye maji ya chokaa kalsiamu huchukua nafasi ya chuma. DTPA huvumilia hadi kama 7.5, EDDHA hubaki imara hata pH ikifika 9. Kwa maji yangu, mbili za kwanza zingekuwa fedha zilizotupwa, ingawa lebo zake huonyesha asilimia kubwa zaidi ya chuma. EDDHA huwa na chuma asilimia 6 tu na ni ghali kuliko zote, lakini asilimia 6 inayofika kwenye mzizi ina faida kuliko 13 inayoishia bombani. Mwenye maji yenye pH ya 6 hana sababu ya kuingia gharama hii.

Unga wenyewe ni chembechembe za kahawia iliyokoza, na ukigusa maji hutoa rangi nyekundu ya damu ya mzee. Huyeyuka vizuri kwa sharti moja, nalo ni kutia unga kwenye maji, kamwe si maji kwenye unga. Mara ya kwanza nilifanya kinyume, nikapata madonge yaliyokuwa makavu ndani, na donge moja likaziba mrija wa kufyonzea wa venturi (kifaa kinachovuta mbolea na kuiingiza kwenye bomba la maji) kwa karibu nusu saa. Sasa hutia gramu 300 kidogo kidogo katika lita 20 za maji huku nikikoroga, naacha itulie dakika kumi, kisha namimina polepole kwenye ndoo nyingine ili nione kama kuna kilichobaki chini. Kwa anayependa hesabu, gramu 17 hivi za unga wa asilimia 6 katika lita 1,000 za maji hutoa miligramu moja ya chuma kwa kila lita.

Kabla ya kuupitisha kwenye laini nilifanya jaribio la chupa, ambalo namsihi kila mtu asiliruke. Unachukua maji yako mwenyewe kwenye chupa nyeupe ya kioo, unatia mbolea kwa kipimo kile kile utakachotumia, unafunga na kuiacha siku nzima kivulini. Chupa yangu ya salfeti ilichafuka ndani ya saa chache. Ile ya EDDHA ilibaki nyekundu na angavu, bila hata vumbi chini. Niliandaa pia chupa ya tatu yenye EDDHA pamoja na asidi ya fosforiki ninayotumia kusafishia laini, nayo ikabadilika rangi na kutoa mashapo. Asidi kali huifungua cheleti, kwa hiyo vitu hivi viwili havikai tangi moja. Klorini nayo naitenga kwa siku yake, kwa kuwa huharibu kile kinachoshika chuma. Na klorini na asidi zisikutane kamwe, kwani hutoa gesi yenye sumu.

Jambo ambalo sikulitarajia, na ambalo kwangu ndilo uzuri mkubwa wa bidhaa hii, ni rangi yake. Nilianza kwa kusafisha laini kwa asidi na kufungua ncha zake mpaka maji yakatoka meupe, ili uchafu wa zamani usije ukabanduka na kusingiziwa mbolea mpya. Kisha, katika kila umwagiliaji wa mbolea, hupitisha maji matupu dakika 15 mpaka presha itulie, ndipo nafungua venturi, ambayo nimeifunga kabla ya chujio wala si baada yake. Kisha naenda kuchuchumaa kwenye kitundu cha mwisho cha laini ya mwisho nikiwa na kikombe cheupe. Mara ya kwanza rangi ilifika hapo baada ya dakika 11, na baada ya kufunga venturi ilichukua karibu dakika 20 kutoweka. Nilikuwa nimezoea kusuuza kwa dakika tano tu na kujiona mwangalifu! Kumbe miaka yote hiyo nilikuwa naacha mbolea imelala kwenye ncha za laini usiku kucha, ambako huchanganyika na chokaa na fosfeti zilizosalia. Sasa nasuuza dakika 25 bila kubahatisha.

Malalamiko yangu si machache. Paketi ya kwanza iliandikwa asilimia 6 ya chuma pasipo kueleza ni kiasi gani kimo katika umbo la ortho-ortho, ambalo ndilo linalodumu kwenye udongo wa chokaa. Maumbo mengine huachia chuma mapema. Msimu wa pili nilinunua ya mtengenezaji mwingine aliyeandika wazi 4.8 kati ya hizo 6, na sitanunua tena paketi isiyotaja hilo. Mfuko haufungiki ukishafunguliwa, na unga huvuta unyevu ukashikana. Maelekezo hayakusema neno lolote kuhusu mwanga, ilhali jua huiharibu cheleti, na tangi langu lilikuwa la plastiki inayopenyeza mwanga hadi nilipolifunika kwa turubai jeusi. Madoa yake kwenye nguo hayatoki, na mikono hukaa na wekundu siku mbili usipovaa glavu.

Kwa mmea matokeo yalikuwa ya kuridhisha. Majani mapya yalianza kutoka ya kijani baada ya siku kumi hivi. Yaliyokuwa ya njano sana hayakurudi sawasawa, nami sikuyategemea. Msimu wa pili nilizidisha kipimo kwa tamaa, nikaona majani yakianza kuonyesha upungufu wa manganizi, kwa kuwa chuma kingi huizuia isifyonzwe na mizizi, hivyo nikarudi kwenye gramu 300 kwa wiki.

Mwisho wa msimu huo nilirudia kipimo cha vikombe kwenye vitundu 48, viwili kwa kila laini. Vitundu 45 vilitoa kati ya mililita 385 na 405 kwa dakika 15. Vitatu vilikuwa chini ya 350, nikavikata vyote na kuvipasua kwa wembe ule ule. Viwili vilikuwa na chembe za mchanga, na cha tatu kilikuwa na gamba jeupe la chokaa lililochemka nilipolidondoshea asidi. Rangi ya kutu sikuiona popote.