Mkopo wa nyumba wa SACCO yetu, nikiwa na doa la CRB

Nimekabidhiwa ufunguo Septemba 2025: vyumba viwili, ghorofa ya pili, Kiembeni, Mombasa. Ndiyo nyumba yangu ya kwanza kununua, na pesa nilikopeshwa doa langu la CRB (shirika linalotunza rekodi za wakopaji) likiwa bado linaonekana. Wenzangu kazini wameniuliza sana, basi naandika huduma yenyewe ilivyokuwa, palipo pazuri na palipoudhi. SACCO iliyonikopesha, yaani chama cha akiba na mikopo, ni ya wafanyakazi wa shughuli za bandari na haipokei kila mtu, kwa hivyo jina lake halitawafaa wengi. Utaratibu wake ndio utakaowafaa.

Kwanza hilo doa. Hadi 2019 nilikuwa karani kwenye yadi ya makontena upande wa Jomvu. Mizigo ilipolazimishwa kupanda treni ya SGR hadi Nairobi, yadi ikapunguza watu, na mimi nikawa mmoja wao. Nikaingia mikopo ya simu. Huu nikilipia ule, ule nikilipia kodi, na Korona ikanikuta humo humo. Nilipopata kazi tena 2021, kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, mikopo sita ilikuwa imenishinda, jumla shilingi 47,300 pamoja na faini. Ukizitaja mdomoni si pesa nyingi. Lakini alama za mkopaji za Metropol, moja ya hizo CRB, huanzia 200 hadi 900, zangu zilikuwa 372, na chini ya 400 unahesabiwa mtu aliyeshindwa kulipa.

Novemba 2022 Benki Kuu ilileta mpango wa kurekebisha rekodi: mabenki yasamehe angalau nusu ya mikopo ya simu iliyokwama, ile ya kulipwa ndani ya siku 30, na mteja amalize iliyobaki kabla ya Mei 2023 kuisha. Miwili kati ya sita yangu ilikuwa ya benki, nikaiwahi. Minne ilikuwa ya kampuni za programu za simu, hiyo nililipa yote. Kampuni moja ilipokea pesa yake ya mwisho na bado ikaniripoti miezi minne mfululizo kwamba nadaiwa. Kilichoniokoa ni ujumbe wa M-Pesa niliokuwa sijaufuta. Niliuchapisha, nikaupeleka CRB pamoja na malalamiko ya maandishi, na rekodi ikarekebishwa. Tafadhali msifute jumbe hizo. Na muombe ripoti yenu, maana kisheria moja kwa mwaka ni bure.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kulipa hakufuti historia. Ukimaliza deni, hali yako inabadilika na cheti unapewa, lakini rekodi kwamba uliwahi kushindwa inakaa miaka mitano tangu siku uliyomaliza. Yangu itaonekana hadi 2028. Kwa hivyo yeyote anayekuahidi "kukusafisha CRB" kwa ada, akuache na pesa zako.

Januari 2025 nilianza na benki moja mjini. Kijana wa pale aliingiza nambari ya kitambulisho, akatazama skrini, akaniambia, "Pole dada, mfumo umekataa." Sikuulizwa hata swali moja. Nilishuka ngazi na bahasha yangu ya karatasi haijafunguliwa.

SACCO nilikuwa mwanachama tangu 2021, nikiweka akiba kila mwezi. Afisa wa mikopo ni mama wa makamo, na yeye ndiye sababu ya mimi kuandika haya. Alichapisha ripoti yangu yote ya CRB, akaiweka mezani kando ya stetimenti za miezi 24, akachukua kalamu nyekundu.

"Mwanangu, hapa 2020 ulikuwa unafanya kazi wapi?"

"Sikuwa na kazi, mama."

"Na kodi ya nyumba siku hizi walipa tarehe ngapi?"

"Tarehe tano."

Basi akaanza kuzitafuta hizo tarehe tano, mwezi baada ya mwezi, ncha ya kalamu ikiteremka karatasini. Alipata ishirini na mbili. Mbili zilikuwa tarehe saba, akataka kujua kwa nini. Moja mshahara ulichelewa, nyingine nilikuwa msibani Kaloleni. Aliandika yote mawili pembeni. Nilitoka jasho kwenye kile kiti, lakini kwa mara ya kwanza nilisomwa kama mtu mwenye miaka kadhaa ya maisha, si nambari moja. Doa halikupita bure: wengine huweka arubuni ya asilimia 10, mimi nilitakiwa kuweka 20. Nimeliona hilo kuwa haki.

Kisha akapiga hesabu ya thuluthi. Sheria ya ajira hairuhusu makato yapite thuluthi mbili za mshahara. Mshahara wangu ni 78,000, kwa hivyo 26,000 lazima zibaki mkononi. Serikali ikishakata vyake nabaki na kama 57,000, maana yake siwezi kulipa zaidi ya 31,000 kwa mwezi. Fanyeni hesabu hii nyumbani kabla ya kwenda kutazama nyumba yoyote. Mimi nilikuwa nimeshapenda moja ya Nyali, na ilinibidi niisahau.

Riba ni asilimia 9.5 kwa miaka 15. Inakuwa chini hivyo kwa sababu SACCO inapata pesa kutoka KMRC, kampuni iliyoundwa 2018 kuyapa mabenki na SACCO mtaji wa muda mrefu wa mikopo ya nyumba. KMRC haikukopeshi wewe moja kwa moja, usiwatafute. Mkopo wangu ni 2,760,000 na nalipa kama 28,800 kwa mwezi. Kwa asilimia 16 niliyotajiwa kule benki ingekuwa 40,500, na hapo hata bila CRB nisingefika. Jirani yangu hataki riba kabisa kwa sababu ya dini, naye anafuata njia ya musharaka kwenye benki ya Kiislamu: benki inanunua pamoja nawe, unalipia kodi ya sehemu yake huku ukiinunua kidogo kidogo. Sikuipitia, siwezi kuihukumu.

Niliuliza pia kama nyumba ya mama yangu Kisauni ingeweza kuwa dhamana. Wa Mombasa mnajua jibu. Ni nyumba bila ardhi: kuta na mabati ni ya mama, ardhi ni ya mtu mwingine, na kila mwezi mama anapeleka kodi ya ardhi kama alivyopeleka bibi. Amejenga, amezeeka mle, lakini karatasi ya kumpa mkopeshaji hana. Afisa alinieleza kwa upole, bila kuidharau ile nyumba, nikashukuru. Ndiyo maana nilishikilia nyumba yenye hati yake yenyewe chini ya sheria ya ghorofa ya 2020, hata wakili alipochukua miezi miwili zaidi kuikagua.

Mthamini aliyeletwa alifanya kazi yake sawasawa. Mimi nilikuwa nimetazama vigae na kabati za jikoni. Yeye alipiga magoti nyuma ya mlango wa bafu, akagonga plasta kwa kifundo cha kidole, na plasta ikamwagika kama unga. Akakilamba kidole. "Chumvi," akasema. Jengo linatumia maji ya kisima, na chumvi imepanda ukutani kiasi cha goti. Muuzaji alitaka 3,600,000, mthamini akaandika 3,450,000, na SACCO ikakataa kukopesha juu ya bei hiyo. Muuzaji alinuna wiki mbili, akakubali. Zile 150,000 zililetwa na kifundo cha kidole.

Sasa palipoudhi. Siku ya kwanza niliambiwa habari ya arubuni tu, yaani 690,000, na hizo nilikuwa nazo. Mengine yalikuja moja moja, kila moja kwa simu, kila moja "kabla ya Ijumaa". Ushuru wa stempu asilimia 4, shilingi 138,000. Nilisikia mnunuzi wa kwanza anasamehewa, kumbe msamaha ni kwa nyumba za mpango wa nafuu, si za kununua kwa mtu binafsi. Wakili wangu, na wakili wao ambaye pia nilimlipa mimi. Mthamini. Bima ya moto na bima ya maisha. Stempu nyingine ndogo ya kuandikisha rehani. Ilifika karibu 290,000 juu ya arubuni, na nilikopa kwa dada yangu ili nisirudi kwenye simu. Mtu mwenye historia kama yangu ndiye wa mwisho wa kushtukizwa namna hiyo. Halafu miezi minane, Januari hadi Septemba, na mara mbili faili langu lilikaa tu kwa sababu afisa huyo huyo mmoja alikuwa likizo.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Nyota moja nimeibakiza kwa karatasi ya gharama. Nimewaandikia kuomba orodha kamili ya malipo yote ichapishwe na apewe kila mwombaji siku anapochukua fomu. Barua imegongwa muhuri wa kupokelewa tarehe 3 Oktoba, na jibu nalisubiri.