Banda la gemu Mwanga, Kigoma: hoki ipo

Wenzangu wanagombania gemu la soka, mie nimeng'ang'ania gemu la NHL, ligi ya hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini, ile unayokuwa meneja mkuu. Ukiboronga, mwenye timu anakutimua. Nilichukua Montreal Canadiens, timu ya Kanada. Hao kweli walimfukuza meneja wao mkuu, Marc Bergevin, Novemba 2021, miezi michache tu baada ya kucheza fainali ya Kombe la Stanley, ndilo la ubingwa wa NHL! Akaja Kent Hughes, na 2022 wakamchagua Juraj Slafkovský, chaguo la kwanza la mwaka ule timu za NHL zilipochagua chipukizi kwa zamu. Nami nikauza wakongwe, nikalimbikiza chipukizi. Raha tupu.

Banda lenyewe? Pedi moja kitufe kinagoma, feni ni pambo, umeme ukikatika dakika zako zimekwenda. Bei poa lakini. Nenda asubuhi, kabla wanafunzi hawajatoka.