Ndege ya Dar–Dodoma: saa moja hewani, karibu saa nne mlango kwa mlango

Mimi ni fundi cherehani wa Tabata. Nashona sare za maofisini, na wateja wangu wakubwa wamehamia Dodoma, kwa hiyo suala la ndege au treni kwangu ni suala la riziki.

Muda wa angani ni ule ule wanaoutangaza. Dar hadi Dodoma kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 390. Tulipanda ndege ya pangaboi, aina ya Q400, tukaiacha ardhi saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi, tukatua saa mbili na dakika kumi. Ndege hii inaweza kupita kilomita 600 kwa saa, ila safari ikiwa fupi hivi, muda mwingi unakwenda kwenye kupaa na kushuka. Juisi haijaisha, mnaambiwa mfunge mikanda. Wakati wa kwenda kaa dirisha la kushoto, mawingu yakikubali utaiona milima ya Uluguru.

Muda unaliwa huku chini. Nilitoka nyumbani saa kumi na moja kasoro robo alfajiri, kabla Nyerere Road haijafunga. Halafu ukaguzi, kupima mzigo, kusubiri. Nilikuwa na suti za sampuli kwenye mfuko mrefu, roho juu. Dada wa kaunta akaufunga kikaratasi cha mzigo wa mkononi, akaniambia, "Mama, panda nazo, zisikunjamane." Zilifika zimenyooka kama zilivyotoka kwenye pasi. Kwa hilo peke yake nawapa nyota nne.

Dodoma ndipo ndege inapolipa. Uwanja uko ndani ya mji kabisa, bajaji hadi Area D ni dakika chache tu. Saa tatu kasoro dakika ishirini nilikuwa na futi shingoni, nampima mteja mabega.

Sasa treni ya SGR, ile ya umeme ya reli mpya. Tangu 2024 inafika Dodoma, inakimbia hadi kilomita 160 kwa saa, na ile ya haraka inatumia kama saa tatu na nusu. Nauli ya kawaida ilipoanza ilikuwa shilingi 31,000. Ndege ni mara kadhaa ya hapo. Unayekaa Kariakoo, Ilala au Upanga, panda treni, usijisumbue na uwanja wa ndege. Sisi wa Tabata, Kipawa na Ukonga tuna hesabu nyingine: kwenda stesheni ya mjini ni kurudi nyuma kwenye foleni, kisha treni ikupitishe tena upande wa kwetu. Ukiwa na kikao cha asubuhi, ndege inakuokolea kama saa mbili.

Ila uwanja mpya unajengwa Msalato, nje ya mji, barabara ya kwenda Arusha. Ndege zikihamia huko, zile dakika chache za bajaji hazitakuwepo tena, na mimi nitahamia kwenye treni.