Mashine ya kupimia gari yenye grafu: nilivyoitumia kwenye sensa ya mwendo

Hii ni ile mashine ndogo ya kuchomeka kwenye soketi ya OBD, yaani ile ya kuchunguzia hitilafu za gari, ukasomea kwenye simu. Naipenda kwa sababu moja kubwa: inachora grafu gari likiwa linatembea, na inaihifadhi. Kusoma kodi (namba ya hitilafu ambayo kompyuta ya gari huhifadhi) peke yake, hata kifaa duni kabisa kinaweza.

Gari lililonifanya niiamini lililetwa mshale wake wa spidi ukianguka hadi sifuri kila barabara inapokuwa mbaya, kisha unapanda wenyewe. Gia boksi ya otomatiki nayo ikawa inabadili gia kwa kishindo. Kodi: P0500. Fundi mwingine alikuwa ameshafunga sensa mpya na tatizo likabaki palepale. Hainishangazi, kwa sababu programu ya mashine hii, chini tu ya kodi, imeandika "badilisha sensa". Hilo linaniudhi kweli, maana linawatia watu hasara. P0500 inasema kuna hitilafu upande wa sensa ya mwendo au mzunguko wake, na mzunguko ni plagi, nyaya, fyuzi na ethi (waya unaorudisha umeme kwenye bodi), mpaka kwenye kompyuta yenyewe.

Mwenzangu akashika usukani, mimi nikashika simu. Grafu ikaonyesha kilomita 60 kwa saa, sifuri, 60 tena, huku mizunguko ya injini haijashtuka hata kidogo. Gari halisimami na kurudia mwendo wake kufumba na kufumbua. Ishara ndiyo iliyokuwa inakatika.

Ukiitumia, chagua kipimo kimoja au viwili tu. Ukijaza skrini, mashine huiuliza kompyuta kimoja baada ya kingine, grafu inakuwa nzito, na mkatiko mfupi unapita bila kuonekana. Maelezo yake hayasemi neno juu ya hili.

Kutoka hapo kazi ni ya multimita, kile kipimo cha umeme, kwa kuwa mashine haioni volti kwenye plagi. Sensa ile ilikuwa ya nyaya 3, aina ya Hall, yaani inayohitaji kulishwa umeme ili itoe ishara. Swichi ikiwa imewashwa bila injini na plagi imechomolewa, nilipata volti 12 kwenye waya wa moto, volti 5 za kompyuta kwenye waya wa ishara, na ethi safi. Kila kitu kizuri, na bado gari bovu! Multimita haivuti umeme wa maana, kwa hiyo uzi mmoja wa shaba uliosalia unatosha kuionyesha 12. Nikarudisha plagi, nikapimia kwa nyuma yake sensa ikiwa kazini, nikatikisa nyaya karibu na gia boksi. Moto ukawa unakuja na kuondoka. Shaba ilikuwa imekatika ndani ya mpira ambao kwa nje ni mzima kabisa.

(Sensa za nyaya 2 ambazo ni za sumaku, zinazozalisha umeme wake zenyewe, hupimwa kwa omu na kwa volti za AC gurudumu likizungushwa. Usitafute volti 12 pale.)

Kabla ya kununua, hakikisha toleo unalochukua linaingia mpaka kwenye ABS, mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki. Magari mengi ya sasa hayana sensa ya mwendo kwenye gia boksi. Mwendo hutoka kwenye sensa za magurudumu kupitia kompyuta ya ABS, na toleo linaloishia kwenye injini litakupa kodi tu, bila kukuonyesha ni gurudumu lipi limenyamaza.